Ebiino, Koleo na Kiti cha Daktari: Historia ya Matibabu ya Meno Kampala na Mafunzo Yake kwa Familia





Mtoto wa miezi saba ana homa, anaharisha na anakataa ziwa. Mama yake hajalala siku mbili. Jajja anamshika mtoto kidevu, anamfungua kinywa, anapapasa ufizi wa chini kwa kidole, kisha anatamka neno ambalo wazazi wengi wa Kampala wamewahi kulisikia: ebiino. Maana yake ni kwamba ndani ya ufizi kuna meno ya uongo, meno ya ugonjwa, na mtoto hatapona mpaka yatolewe.

Kuanzia hapo familia ina njia mbili. Moja inakwenda kwa mtu wa mtaani mwenye kisu au spoku ya baiskeli iliyonolewa. Nyingine inakwenda hospitali. Njia hizi mbili ziko bega kwa bega Kampala tangu zamani, na hadi leo hazijaachana. Ndiyo maana tumeona vema kuandika juu ya historia ya matibabu ya meno katika mji wetu, ili tujue tumetoka wapi, tumefika wapi, na nini wajibu wetu kwa watoto ambao Allah ametupa amana.

MSWAKI ULIVYOFIKA BUGANDA

Tuanze na neno lenyewe. Neno "mswaki" tunalotumia leo hata kwa brashi ya plastiki ya dukani linatokana na Kiarabu, siwaak au miswaak, yaani kijiti cha kusafishia meno. Mti wenyewe unaojulikana zaidi kwa kazi hiyo, ambao wataalamu wanauita Salvadora persica, hupenda nchi kavu. Huota Uarabuni, Sudan, kaskazini mwa Kenya na sehemu kavu za kaskazini mashariki mwa Uganda.

Uislamu uliingia Buganda kwa njia ya wafanyabiashara waliotoka pwani na Zanzibar, wakipitia Tabora na Karagwe. Anayetajwa kwa jina ni Ahmed bin Ibrahim, aliyefika katika baraza la Kabaka Suuna II mwaka 1844. Mwanawe Suuna, Kabaka Mutesa I, alijifunza kusoma Qur'ani, na kuanzia mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi. Watu walipofundishwa swala walifundishwa udhu, na katika mafunzo ya udhu mlikuwamo kusafisha kinywa. Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa lau si kuuonea tabu umma wake, angewaamrisha kupiga mswaki kwa kila swala. Kwa hiyo Mwislamu wa Buganda aliyeshika dini alikuwa na utaratibu wa kutunza kinywa mara kadhaa kwa siku, miaka mingi kabla ya Kampala kuwa na kliniki yoyote ya meno.

Hili tusilipite haraka. Katika dini yetu matunzo ya meno yalianza kama kinga, kazi ya kila siku anayoifanya mtu mwenyewe, tena bila gharama kubwa. Matibabu ni baada ya kinga kushindwa.

HOSPITALI JUU YA VILIMA

Matibabu ya kizungu yaliingia Kampala kupitia wamisionari. Daktari Albert Cook wa Church Missionary Society alifika mwaka 1897, na mwaka huohuo akaanzisha hospitali ya Mengo kwenye kilima cha Namirembe. Masista wa Kikatoliki walifuatia Rubaga mwaka 1899 na Nsambya mwaka 1903. Serikali ya kikoloni ilianzisha Mulago mwaka 1913, mwanzoni kwa ajili ya magonjwa ya zinaa, kisha ikakua hadi kuwa hospitali kuu ya nchi. Chuo cha Makerere kilifunguliwa mwaka 1922, na mwaka 1924 mafunzo ya udaktari yakaanza, wanafunzi wakijifunzia kazi Mulago.

Katika hospitali za zama hizo daktari mmoja alifanya kila kitu. Alizalisha, alipasua, aliunga mifupa, na jino likiuma aliling'oa. Hapakuwa na kuziba wala kutibu mzizi. Mgonjwa alivumilia maumivu nyumbani kwa wiki au miezi, na alipofika hospitali jino lilikuwa limeshaoza na taya limevimba. Koleo ndilo lililobaki. Hivyo ndivyo mazoea yalivyojengeka miongoni mwa watu wetu, kwamba omusawo w'amannyo, daktari wa meno, ni mtu wa kung'oa, na kwamba huendi kwake mpaka umeshindwa kulala.

Wakati huohuo chakula kilikuwa kinabadilika. Kiwanda cha sukari cha Lugazi cha Nanji Kalidas Mehta kilianza mwaka 1924, na kile cha Kakira cha Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Sukari ambayo zamani ilikuwa kitu cha wakubwa ikaingia katika kila kikombe cha chai, na baadaye zikaja soda, biskuti na peremende. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayotoboa jino. Mji ulipata sukari kabla ya kupata madaktari wa meno wa kutosha.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi Waislamu. Elimu ya sekondari kabla ya uhuru ilikuwa mikononi mwa wamisionari kwa sehemu kubwa, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kupeleka watoto wao huko wasije wakabadilishwa dini. Matokeo yake vijana wetu waliofika Makerere kusomea udaktari walikuwa wachache. Mwanamfalme Badru Kakungulu (1907–1991) aliliona pengo hili, akatoa ardhi yake ya Kibuli na kuhimiza ujenzi wa shule. Kilima hicho kina msikiti uliofunguliwa mwaka 1951, kina shule, na kina hospitali ya Kiislamu. Tutarudi Kibuli mwishoni.

MTOTO WA MULAGO, MWAKA 1957

Mwaka 1957 daktari wa watoto Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje amwangalie mtoto wa miaka mitano hivi aliyelazwa Mulago. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yake yalikuwa yamelegea na uso umeharibika. Burkitt hakuelewa ni ugonjwa gani. Kama ni jipu la jino, mbona liwe sehemu nne kwa mpigo? Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Akatoka nje na kamera yake, akamkuta ana uvimbe wa taya na pia uvimbe tumboni.

Akarudi Kampala, akafukua kumbukumbu za wagonjwa wa Mulago, akaona kuwa watoto wa namna hiyo walikuwa wengi, ila kila daktari aliandika jina lake. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo katika jarida la upasuaji la Uingereza. Ilikuwa ni saratani, na leo duniani kote inaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu takriban maili 10,000 kutoka Kampala kwenda kusini mwa Afrika, akiuliza katika hospitali moja baada ya nyingine kama wamewaona watoto wa aina hiyo. Aligundua kuwa ugonjwa unafuata joto na mvua, sehemu zilezile zenye malaria nyingi.

Mwaka huohuo wa 1961 alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa waliosikiliza. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kuwa wameona kirusi ndani ya chembechembe zake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na kilitoka katika mataya ya watoto wa Uganda.

Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, kisu ndiyo kazi yake. Lakini aliona kuwa kwa ugonjwa huu kukata hakusaidii, uvimbe hurudi, na mtoto hufa. Wala kung'oa yale meno yaliyolegea hakukuwa na maana, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye jino. Akaanza kutumia dawa za saratani, na baadhi ya watoto uvimbe wao ukayeyuka ndani ya siku chache. Mwaka 1967 kikafunguliwa hapo Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huo, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wamarekani waliokuwa wakikiendesha walipoondoka wakati wa Idi Amin, Profesa Charles Olweny, Mganda, alikishika na kukiendeleza katika miaka migumu.

Kwa nini tumesimulia haya katika makala ya meno? Kwa sababu dalili ya kwanza ambayo mzazi huiona mara nyingi ni jino la mtoto kulegea kabla ya wakati wake, na shavu kuvimba. Mzazi asiyejua atatafuta mtu wa kung'oa. Daktari wa meno aliyesoma ataangalia taya, atapiga eksirei, na atamtuma mtoto Taasisi ya Saratani upesi. Ugonjwa huu hukua haraka sana, lakini unatibika vizuri mtoto akiwahishwa.

EBIINO: JERAHA LISILOANDIKWA CHETI

Turudi kwa mtoto wetu wa miezi saba.

Mwaka 1969 mtaalamu wa magonjwa ya kinywa kutoka Denmark, Jens Pindborg, alichapisha utafiti juu ya watoto wa Uganda waliokosa meno ya chonge, hasa Waacholi wa kaskazini. Meno hayo hayakuwa yameoza. Yalikuwa yametolewa yakiwa bado ndani ya ufizi. Kwa miaka iliyofuata madaktari walieleza mambo hayohayo kutoka sehemu nyingine za Uganda, kisha Kenya, Sudan, Ethiopia na Tanzania. Tanzania watu huyaita meno ya plastiki au meno ya nailoni, na hofu yake ilienea sana katika miaka ya 1980. Leo hata madaktari wa meno wa Ulaya hukutana na watoto wa familia za Afrika Mashariki waliokosa chonge, wakabaki wanashangaa.

Jambo lenyewe ni hili. Mtoto anapokuwa na miezi minne, mitano au zaidi, meno ya utoto yanasogea juu ndani ya ufizi. Pale penye chonge ufizi huvimba kidogo na kung'aa. Ukipachimba utakuta kitu cheupe, laini, mfano wa funza. Hicho ni jino changa ambalo bado halijakauka na kuwa gumu. Kila mtoto mzima duniani analo. Mchimbaji hukitoa, akamwonyesha mama na kusema, "Mdudu ndiye huyu."

Na kwa nini watu huamini? Kwa sababu umri ambao meno huanza kusogea ndio umri ambao mtoto huanza kutambaa, kuokota vitu na kuvitia mdomoni, na kulishwa vyakula vingine zaidi ya maziwa ya mama. Ndio umri wa kuharisha na wa malaria. Maradhi na meno hukutana njiani, kisha meno hubebeshwa lawama. Kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku kadhaa, kwa hiyo mtoto akipona, mchimbaji husifiwa. Akifa, husemwa kuwa alicheleweshwa.

Madhara yake yanajulikana. Mtoto hupoteza damu, naye ni mdogo na pengine malaria imeshampunguzia damu. Kidonda huingia vijidudu, vikasambaa mwilini. Pepopunda huweza kuingia. Chombo kimoja kikitumika kwa watoto wengi, hubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Katika hospitali ya Lacor, Gulu, madaktari walichunguza kumbukumbu za miaka ya 1990 wakakuta mamia ya watoto waliolazwa kwa madhara ya ebiino, na takriban mmoja katika kila watano alifariki. Hao ni wale waliofikishwa hospitali tu.

Anayenusurika hubaki na alama. Chini ya jino la utoto kuna mbegu ya jino la ukubwani. Spoku ikipita hapo huiharibu. Mtoto akifika miaka kumi au kumi na miwili, chonge halioti, au huota limepinda na lina mashimo, na meno ya jirani husogea na kubanana. Wapo watu wazima kati yetu wenye pengo hilo ambao hawajui lilitoka wapi, kwa kuwa walikuwa wachanga na hakuna aliyewaambia.

Tusiwatukane wazee wetu. Jajja anayesema ebiino hana nia mbaya. Ameona watoto wakifa kwa kuharisha, na alitafuta sababu kwa macho yake. Lakini kumheshimu hakutulazimishi kumpeleka mtoto penye kisu.

Na hapa kuna mfano mkubwa katika Sunnah. Bibi Ummu Qays bint Mihsan (r.a.) alimpeleka mwanawe mdogo kwa Mtume (s.a.w.). Mtoto alikuwa anaumwa koo, naye alikuwa amembonyeza ndani ya koo kwa desturi ya wanawake wa wakati ule. Mtume hakupendezwa. Alihoji kwa nini wanawatesa watoto wao kwa kubonyeza namna hiyo, akawaelekeza kwenye dawa, nayo ni udi wa Kihindi. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Imamu Bukhari, mlango wa tiba. Itazame vizuri, ndugu msomaji. Mama mwenye mapenzi, mtoto mgonjwa, desturi iliyozoeleka, na maumivu yasiyo na faida. Mtume hakumlaumu mama kwa kutafuta tiba. Alikataa mateso, akaonyesha tiba iliyo bora.

Vilevile imepokewa katika Sunan za Abu Daawuud na wengineo kwamba mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara anayoyasababisha. Wanazuoni wamejenga juu ya hadithi hiyo hukumu za fidia. Basi anayechimba fizi za watoto bila elimu amejibebesha dhima nzito.

KITI CHA DAKTARI CHAPATIKANA

Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, jengo jipya kubwa la Mulago lilifunguliwa. Mji ulikuwa na madaktari wa binafsi, wengi wao wenye asili ya Kihindi, wakiwamo ndugu zetu Waislamu. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitoa siku 90 Waasia waondoke. Walioondoka walikuwamo madaktari wa magonjwa yote, na baada yao wataalamu wengi Waafrika nao wakakimbia vita na njaa ya mishahara. Dawa ya ganzi ikawa adimu, na vifaa vilivyoharibika havikupata vipuri.

Ni katika hali hiyo, mapema miaka ya 1980, Makerere ilipoanza kufundisha shahada ya udaktari wa meno nyumbani. Kabla ya hapo Mganda aliyetaka kazi hiyo ilimbidi asome nje. Hapo Mulago pia hufundishwa maofisa wa meno wa ngazi ya diploma, ambao ndio wanaoshika vituo vingi vya afya vya wilayani. Ukienda kliniki nje ya Kampala, uwezekano mkubwa ni kuwa anayekuhudumia ni mmoja wao, na wanafanya kazi kubwa.

Miaka hiyohiyo UKIMWI uliikumba nchi. Ugonjwa huo ulilazimisha mabadiliko katika kila chumba cha meno, glavu mpya kwa kila mgonjwa, sindano ya kutumika mara moja, na vyombo kuchemshwa kwa mvuke wa shinikizo mpaka vijidudu vyote vife. Mgonjwa wa leo anayeona vyombo vikitolewa katika pakiti iliyofungwa anaona tunda la miaka ile ya misiba.

Mwezi wa Machi 2001 serikali iliondoa ada katika vituo vyake vya afya, isipokuwa sehemu za kulipia. Watu wengi zaidi wakafika. Hata hivyo kuziba jino kunahitaji vifaa, umeme na muda, na kung'oa kunahitaji sindano ya ganzi na koleo. Kwa hiyo katika vituo vingi vya umma kung'oa ndiko kunakopatikana kwa wepesi, na katika kliniki za binafsi kung'oa ndiko kunakomudika kwa bei. Yale mazoea ya wakati wa ukoloni bado yapo nasi kwa sababu ya mfuko.

Wanafunzi wetu wajue kuwa jambo hili lilizungumzwa zamani na Mwislamu. Abulqaasim az-Zahraawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika kitabu chake kikubwa, At-Tasriif, chenye sehemu thelathini, na ya mwisho ni juu ya upasuaji. Humo alichora vyombo vya kukwangua ukoga wa meno, akaeleza namna ya kufunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na akaonya tabibu asikimbilie kung'oa, kwa kuwa maumivu huweza kumdanganya mgonjwa akaonyesha jino zima na kuliacha bovu. Leo, zaidi ya miaka elfu moja baadaye, onyo hilo bado linahitajika mitaani kwetu.

HUDUMA NZURI UTAIJUAJE?

Mzazi akiingia kliniki ya meno, aangalie mambo haya:

1. Anayehudumia awe amesajiliwa. Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, na maofisa wa diploma wana baraza lao. Cheti hutundikwa ukutani. Kukiulizia si utovu wa adabu.

2. Aulize kabla ya kugusa. Una kisukari? Presha? Una mimba? Damu yako hukawia kuganda? Kuna dawa inayokudhuru? Asiyeuliza haya ana haraka mno.

3. Aeleze alichokiona na njia zilizopo, pamoja na bei ya kila moja, kisha akuachie nafasi ya kuamua. Kama jino linaweza kuzibwa au kutibiwa mzizi, una haki ya kuambiwa hivyo kabla ya koleo kutolewa.

4. Vyombo viwe safi, glavu mpya, na ganzi ishike kabla ya kazi kuanza. Mtoto asishikwe kwa nguvu na kutishwa. Mtoto aliyeumizwa mara moja hatarudi mpaka awe mtu mzima mwenye mdomo mbovu.

5. Baada ya kazi aeleze namna ya kutunza kidonda na lini urudi.

Wengi huuliza kuhusu Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilieleza kuwa kutoboa jino, kung'oa, kusafisha na kupiga mswaki hakuharibu saumu, maadamu mtu anajizuia kumeza kinachofika kooni. Basi mwezi mtukufu usiwe sababu ya kukaa na jino lenye usaha. Anayeweza kusubiri hadi baada ya futari afanye hivyo, na mwenye shaka amuulize shekhe wake.

MAFUNZO KWA FAMILIA

Tukiyakusanya yote haya, historia inatufundisha jambo moja: ujue kwanza ugonjwa, ndipo uguse jino. Mtoto wa Mulago hakuponywa kwa kisu, na mtoto wa ebiino huumizwa nacho bure. Tunawausia ndugu zetu haya yafuatayo:

Kwanza, mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Apewe ziwa na maji ya chumvichumvi ya kuharisha, apimwe malaria. Asichimbwe ufizi kwa hali yoyote. Na chanjo zake zikamilishwe, ikiwemo ya rotavirus ambayo Uganda iliianza mwaka 2018, kwa kuwa kirusi hicho ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kuharisha kwa watoto.

Pili, uvimbe wa taya au jino kulegea kabla ya wakati ni jambo la daktari, tena la haraka.

Tatu, meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku angalau, kwa dawa yenye floraidi. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu dawa iwe kiasi cha punje ya mchele tu. Mzazi amsaidie mtoto mpaka afike miaka saba au minane. Kijiti cha mswaki kiendelee pia, kwani ni Sunnah, na tusiwaachie wazee peke yao.

Nne, sukari ipunguzwe, hasa chupa ya chai tamu anayolala nayo mtoto.

Tano, msisubiri maumivu. Mtoto aonwe na daktari wa meno anapotimiza mwaka mmoja, kisha kila mwaka. Jino linalozibwa mapema hugharimu kidogo kuliko linalotibiwa mzizi, na pengo hugharimu maisha yote.

Sita, akina baba, msiwaachie akina mama peke yao uamuzi huu. Mara nyingi mama kijana anajua ukweli lakini anashindwa kumpinga mama mkwe au ssenga. Neno la baba, likisemwa kwa upole na heshima, linaweza kuokoa roho.

Na ninyi wanafunzi, mkumbuke Kibuli. Babu zenu walikosa nafasi ya kuingia shule ya udaktari. Leo juu ya kilima hichohicho Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kina shule yake ya udaktari, Habib Medical School, na milango ya Makerere iko wazi kwa mwenye alama. Madaktari wa meno bado ni wachache kwa nchi yenye watu wengi kama yetu. Mwenye kupenda biolojia na kemia na mwenye mkono mtulivu asiidharau fani hii. Kila mmoja wenu atakayesoma na kurudi kukaa mtaani kwake atakuwa jibu kwa yule mama ambaye hajalala siku mbili, atakayejua mlango wa kugonga kabla mtoto hajafikishwa kwa mwenye spoku.

Tunamuomba Allah awape afya watoto wetu, awarehemu waliotangulia kwa sababu ya ujinga wetu, na awalipe kheri wote wanaotibu kwa elimu na huruma. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.